Babu Alikuwa Mateka: Andikeni Hivyo Hivyo

Msomaji wa Busia, Uganda, ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Mimi natoka karibu na Majanji. Babu yetu, mzaa baba, alifariki mwaka 1987. Tunajua alikwenda Vita vya Pili vya Dunia na kwamba alitekwa, lakini hakutusimulia. Kwetu tunasema tu kwamba alikwenda Baama. Mwezi wa Novemba tunataka kufanya ibada ya kumkumbuka na kulijengea kaburi lake. Vitu alivyoacha ni viwili. Kuna koti lenye utepe mmoja wa nishani, rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati. Nishani yenyewe iliuzwa wakati wa dhiki. Na kuna kibati chenye vitundu vilivyopangwa mstari katikati. Juu ya vitundu na chini yake kuna namba ile ile, na herufi zinazosomeka ni LAG. Baba mkubwa anasema tusiandike kaburini kwamba alikuwa mateka, ni aibu. Tuandike 'Shujaa wa Baama'. Tuandike nini, na ukweli wake tutaupata wapi?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili, na utakumbuka nilikurudia na maswali madogo madogo ambayo pengine uliyaona ya ajabu: babu alikuwa akikataa kufanya nini, na kuna maneno gani aliyoyatumia ambayo hayakuwa ya Kisamia wala ya Kiswahili. Majibu yako yamenisaidia kuliko hata lile koti. Nitayafikia.

Nianze na utepe. Nadhani babu yako hakwenda Burma, hiyo mnayoiita Baama, nchi ambayo leo ni Myanmar. Utepe wa Nyota ya Burma una buluu iliyokolea, mstari mpana mwekundu katikati, na rangi ya machungwa pande zote mbili. Huo ulionipigia picha una rangi ya mchanga, mwekundu katikati, na ukiutazama juani utaona mistari miwili myembamba ya buluu, mmoja umekolea na mwingine hafifu. Huo ni utepe wa Nyota ya Afrika. Rangi ya mchanga ni jangwa lenyewe. Nyekundu ni jeshi la nchi kavu, buluu nzito ni wanamaji, buluu hafifu ni wanaanga. Kama nishani ingekuwapo ungesoma jina lake limezunguka kwenye duara la katikati, na mjadala ungekwisha siku nyingi.

Sasa utauliza, basi hili neno Baama lilitoka wapi? Lilitoka kwa jirani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma mwaka 1944, ikapita bonde la Kabaw katikati ya mvua, malaria na matope ya kufika magotini, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Waliorudi walikuwa wengi, walikuwa na habari za kusimulia, na jina la nchi hiyo likameza vita vizima. Ukienda leo Tororo, Mbale au Soroti ukauliza juu ya mzee yeyote aliyevaa kaki miaka hiyo, utaambiwa alikwenda Baama. Baba yangu mdogo alipigana Madagascar mwaka 1942, hakuwahi kuuona mto Chindwin hata kwenye ramani, na mpaka leo nyumbani kwetu huitwa mtu wa Baama. Sio uongo wa mtu. Ndivyo vita vilivyopewa jina.

Lakini utepe peke yake hautoshi. Nyota ya Afrika walipewa waliopigana Abisinia, yaani Ethiopia, na waliokuwa Misri na Libya pia. Kinachoamua ni kile kibati, na nakuomba ukitazame upya, maana nadhani hapo nyumbani hakuna anayejua mnacho nini mkononi.

Mjerumani alipompokea mateka kambini alimpa kibati cha namna hiyo avae shingoni. Kina umbo la mstatili, kimepigwa vitundu katikati kama ukingo wa stempu, na maandishi yale yale yamegongwa mara mbili: jina la kambi na namba ya mtu. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu mateka akifa, kibati hicho huvunjwa pale kwenye vitundu. Nusu huzikwa naye, nusu hubaki kwenye vitabu. Cha babu yako ni kizima. Alikivaa, hakuna aliyekivunja, akakibeba kutoka Ulaya mpaka Majanji, akakiweka miaka 40 na zaidi bila kumwambia mtu ni kitu gani. Nilipoiona picha yake niliinuka mezani nikatoka nje kwanza.

Hizo herufi LAG ni mwisho wa neno. Kambi za Wajerumani za mateka wa jeshi la nchi kavu zilikuwa na majina matatu yanayoishia hivyo. Oflag ilikuwa ya maofisa, na kijana wa Kisamia wakati ule hakuwa ofisa. Dulag ilikuwa ya kupitisha watu tu. Iliyobaki ni Stalag, kambi ya askari wa kawaida, na baada ya neno hilo huwa kuna namba, mara nyingine na herufi, inayoonyesha ilikuwa kambi gani. Kwa hiyo kwenye hicho kibati, chini ya kutu, huenda kuna anwani ya babu yako. Namna ya kuisoma nitakwambia mwishoni.

Mtu wa Busia alifikaje mikononi mwa Wajerumani? Wapiganaji wa keya, yaani King's African Rifles, wa Uganda, wale wa batalioni ya nne na ya saba, hawakupelekwa Libya. Waliopelekwa Misri na Libya kutoka kwetu walikuwa hasa madereva na Panyako. Neno hilo bado unalisikia kwa wazee wa upande wenu, na ng'ambo ya mpaka kwa Waluhya na Wajaluo. Ni Pioneer Corps, kikosi cha kazi. Walichimba mahandaki, walijenga barabara, walipakia na kupakua risasi, petroli na maji. Silaha walizokuwa nazo zilikuwa chache. Pale Tobruk, bandari ya Libya, tarehe 21 Juni 1942, Jenerali Klopper wa Afrika Kusini alisalimu amri kwa Rommel, jemadari wa Wajerumani, na siku moja watu kama 33,000 wakawa mateka: Waingereza, Wahindi, Waafrika Kusini weupe na weusi, na watu wa vikosi vya kazi. Kati ya njia zote ambazo Panyako angeweza kuingia mikononi mwa Wajerumani na Waitaliano, hii ndiyo ninayoiona karibu zaidi na vitu ulivyonionyesha. Iandike kwenye daftari kwa penseli. Kalamu isubiri karatasi.

Naomba baba mkubwa asomewe aya hii polepole. Amri ya kusalimu ilitolewa na jenerali mmoja. Kijana mwenye sepetu hakuulizwa. Churchill alipopata habari hiyo alikuwa Washington, mgeni wa Roosevelt, na fedheha yake aliibeba yeye na majenerali wake. Kwa nini tumtwike mtu wa Majanji aibu ambayo wenye vita waliibeba wenyewe?

Na hata baada ya kushikwa, watu hao hawakulala tu. Waafrika walitengwa na wazungu, wengi wakabakizwa Libya kupakua meli za adui bandarini, kazi ambayo Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikataza, maana ni kumfanya mateka asaidie vita dhidi ya wenzake. Mmoja wao, Job Maseko wa Afrika Kusini, aliyekuwa akifanya kazi bandarini hapo hapo Tobruk, alitengeneza bomu kwa kopo la maziwa na baruti alizozitoa kwenye risasi, akalificha ndani ya meli karibu na madebe ya petroli, na meli ikazama. Alipewa Nishani ya Kijeshi. Huyo naye alikuwa mateka.

Sasa yale majibu yako. Uliniambia babu hakupanda mtumbwi maisha yake yote, ingawa ziwa mlikuwa mnalisikia kutoka jikoni, na kwamba watoto mlikuwa mkimcheka. Mateka walivushwa bahari ya Kati, yaani Mediterania, kwenda Italia wakiwa wamefungiwa ndani ya ngama, chini kabisa mwa meli za mizigo, gizani, bila nafasi ya kulala. Meli hizo hazikuwa na alama ya kuonyesha kuna mateka ndani, na manowari za Waingereza wenyewe zilizipiga. Meli iliyoitwa Scillin ilizamishwa hivyo tarehe 14 Novemba 1942. Ndani yake walikuwamo mateka zaidi ya 800, na waliookolewa walikuwa 27. Sijui babu yako alivuka kwa meli gani wala siku gani. Ila mtu aliyewahi kusikia maji nje ya ukuta wa chuma, amefungiwa mlango kwa juu, simshangai akiamua kwamba samaki atawanunua sokoni.

Halafu mbuzi. Uliandika kwamba kila jioni babu alisimama mlangoni mwa zizi akiita "apeli!", ndipo akawahesabu, "uno, due, tre", na kwamba viazi mviringo aliviita kartofel, ninyi mkidhani ni lugha ya Baama. Mwanangu, hapo ndipo nilipopata uhakika. Neno la kwanza ni la kambini. Waitaliano husema appello, Wajerumani Appell: kuhesabiwa. Asubuhi na jioni mateka walisimamishwa mistari wakahesabiwa, kwenye mvua, kwenye theluji, na hesabu ikikosea walihesabiwa tena mpaka itimie. Kuhesabu ni kwa Kiitaliano. Viazi ni vya Kijerumani.

Hebu nikupe tahadhari, maana nimewahi kuteleza hapa mwenyewe. Kiitaliano peke yake hakithibitishi kitu. Baada ya Abisinia kuanguka mwaka 1941, Afrika Mashariki ilijaa mateka wa Kiitaliano kwa maelfu, na askari wetu wengi waliowalinda walijifunza kuhesabu na kutukana kwa lugha hiyo. Niliwahi kumwambia mjane mmoja kwamba mumewe alifungwa Italia, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akishika funguo za Waitaliano huku kwetu. Niliona aibu sana. Lakini Kiitaliano, kisha Kijerumani, kisha kibati cha Kijerumani, vyote kwa mtu mmoja: hiyo ni njia inayofahamika. Italia ilisalimu amri, na habari ikatangazwa tarehe 8 Septemba 1943. Makambi yalikuwa yamepewa agizo kutoka London watu wakae pale pale wasubiri kukombolewa, na waliotii wengi wao Wajerumani wakawawahi, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo, wakawapeleka kaskazini kwa makumi ya maelfu. Babu yako, kwa ninavyosoma vitu alivyoacha, alitekwa na jeshi moja akakabidhiwa jingine.

Basi tuje kwenye hilo neno. Baba mkubwa simlaumu, kwa sababu mateka kwa Kiswahili lina historia mbaya. Kabla ya wazungu kuja na vita vyao, mateka alikuwa mtu aliyenyakuliwa kijijini akauzwa. Akitajwa mateka, masikio ya wazee yanasikia mtumwa, na hakuna anayetaka kuchonga hilo kwenye kaburi la babake. Lakini tazama lugha yenyewe inavyotenganisha. Mfungwa ana kosa, amehukumiwa. Mahabusu anatuhumiwa. Mateka hana kosa wala tuhuma. Ametekwa, kitendo kimefanywa na mwingine. Kwa ule Mkataba wa Geneva mateka alibaki kuwa askari, ana haki ya kupewa chakula, kuandika barua na kurudi kwao vita vikiisha.

Tena kuna jambo ninaloliona kila mara katika kazi hii, nami linaniuma. Familia huficha utekwa kwa kumpenda mtu wao, kisha wajukuu wanabaki na shujaa asiye na sura. "Shujaa wa Baama" anaweza kuwa mtu yeyote. Aliyehesabu mbuzi kwa Kiitaliano ni babu yako peke yake.

Kuhusu kutafuta. Watu wengi hukimbilia London, wakati nusu ya ushahidi uko chini ya kitanda na kichwani mwa bibi. Anza na wanawake wazee wa ukoo, waliokuwa wasichana mwaka 1945 au waliosimuliwa na mama zao. Usiwaulize "vita vilikuwaje". Watakujibu hawajui, na ni kweli hawajui. Uliza alirudi msimu gani, mahindi yalikuwa wapi shambani. Uliza kama mama yake aliwahi kuambiwa amekufa. Uliza pesa. Askari wengi walikatiwa sehemu ya mshahara ikapelekwa nyumbani kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, yaani disii, na mama mjane hasahau mwezi ambao pesa zilisimama. Rekodi sauti zao kwa simu, na mwanzoni mwa rekodi taja tarehe na nani anazungumza. Koti lisifuliwe. Utepe usishonewe upya.

Halafu Geneva. Nchi inayoteka ilitakiwa kupeleka majina kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na wakala wao wa mateka, uliofunguliwa Septemba 1939, ulikusanya kadi kwa mamilioni. Kadi hizo zipo mpaka leo. Jamaa wa mateka anaruhusiwa kuomba, na hatozwi pesa. Maombi hupokelewa kwa vipindi, kwa idadi maalumu, hivyo ukikuta mlango umefungwa usikate tamaa. Rudi kipindi kinachofuata. Jibu huchukua miezi, kwa hiyo msilifunge kwenye tarehe ya Novemba. Ukikwama kwenye fomu, tawi la Msalaba Mwekundu wa Uganda lililo karibu nawe lina watu wanaoshughulikia kutafuta jamaa waliopotezana, waeleze.

Mahali pa pili ni Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew. Kuna fungu linaloitwa WO 416, kadi za Wajerumani wenyewe za mateka wa Uingereza na makoloni yake, zinazokadiriwa kuwa 190,000. Kadi kamili huwa na picha ya mtu, alama ya kidole, namba ile ile iliyo kwenye kibati, jina la baba, jina la ukoo la mama, na mtu wa kupelekewa habari. Hebu fikiria: picha ya babu yako akiwa kijana, ameshika ubao wa namba kifuani. Kadi nyingine hazifunguliwi mpaka ithibitike mwenyewe ameshakufa, kwa hiyo weka cheti cha kifo karibu. Kuna na WO 344, fomu walizojaza waliokombolewa, kama 140,000. Usitarajie faili la utumishi wake huko; mafaili ya askari Waafrika kwa kawaida hayakupelekwa Uingereza.

Huku kwetu, nenda Wandegeya, Kampala, kwenye Nyaraka za Taifa, na usiidharau hifadhi ya wilaya ya Jinja, iliyopangwa na kuorodheshwa vizuri. Busia haikuwa wilaya enzi hizo. Omba mafaili ya Bukedi, Mbale na Tororo, ya miaka 1940 hadi 1948, yanayohusu askari waliorudi, fedha za askari na madai. Ukifika, usiombe "faili la babu". Omba orodha, soma pole pole, saza kwa saza, gombolola kwa gombolola, yaani kaunti na kaunti ndogo. Gazeti la Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 kwa Kiswahili, nalo lilichapa barua za askari; ukipata nafasi ya kulipitia, lipitie.

Hapa kuna mtego ambao umewapotezea wengi safari. Jina. Umeniomba nisilitaje la babu yako, basi tuchukue Ojiambo kwa mfano. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia: Ojambo, Ochiambo, Jiambo. Mwitaliano, ambaye lugha yake haina herufi ya J kama yetu, angeweza kuandika Ogiambo. Mjerumani angeweza kuandika Odschiambo. Wandera kwa Mwitaliano anaweza kuanza na V. Na mara nyingi jina la ubatizo ndilo lililofanywa la ukoo, au jina la baba likawekwa mbele. Kabla hujatuma ombi lolote, kaa na karatasi uandike kila namna jina hilo linavyoweza kusikika kwenye sikio la mgeni, halafu tafuta yote. Namba ni rafiki wa kweli kuliko jina. Kama mna barua au cheti cha kuachishwa jeshi, nakili namba na herufi zinazoitangulia kama zilivyo, bila kurekebisha.

Jambo moja la haraka. Katika kutafuta huku mtakutana na mtu mwenye mkoba atakayesema anaandikisha familia za askari wa zamani ili walipwe fidia na Mfalme, na fomu ni shilingi kadhaa tu. Msimpe hata senti. Wala asikiguse kibati.

Sasa kaburi. Msitarajie jiwe kutoka kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kwa vita hivyo wao huwahesabu waliokufa kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, na babu yako, tumshukuru Mungu, alikuja kufa kitandani kwake. Jiwe ni lenu na maneno ni yenu. Mimi ningeweka jina kamili, kama mama yake alivyomwita. Kisha: "Askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Mateka wa vita." Kisha mwaka wa kufa. Neno Tobruk msichonge mpaka kadi ya Geneva au ya Kew irudi. Mwachie fundi nafasi ya mstari mmoja. Neno Baama liacheni kabisa, hata kama litamhuzunisha baba mkubwa, na mpelekeni aushike utepe mwenyewe juani aione hiyo mistari ya buluu. Mkubwa wa familia akielewa kwa macho yake, yeye ndiye atakayewaeleza wengine siku ya ibada, na itapokelewa kuliko ikitoka kwako.

Kuhusu ibada, mchungaji atajua sehemu yake. Ninachoomba mimi ni nafasi ya wenzake. Mwaka 2021 ile Tume ya Makaburi ilikiri kwa maandishi kwamba baada ya Vita vya Kwanza, watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu wa kariakoo, yaani Carrier Corps, wako humo. Katika Vita vya Pili mambo yalikuwa afadhali, na waliokufa jangwani bila kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara wa Alamein, Misri. Orodha ya Tume inasomeka bure kwenye intaneti. Kabla ya Novemba, chagueni majina machache ya askari wa Afrika Mashariki walioandikwa huko, mkayasome kwa sauti pamoja na la babu. Baadhi yao huenda walisimama naye mstari mmoja wakihesabiwa, na kwao hakuna mjukuu aliyeuliza.

Sasa kibati. Usikisugue kwa mchanga, wala majivu, wala siki, wala dawa ya kung'arishia shaba. Ni madini laini, na maandishi yamegongwa tu juu juu, ukisugua unafuta. Kifute vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba. Kiweke mezani usiku, zima taa zote, halafu washa tochi ya simu ukiilaza ubavuni, mwanga upite juu ya kibati kama jua la jioni linavyopita juu ya matuta ya viazi. Namba zitaonyesha vivuli. Piga picha, zungusha kibati kidogo, piga tena, pande zote nne. Kisha weka karatasi nyembamba juu yake, pitisha penseli laini taratibu, ukiilaza. Fanya hivyo nusu ya juu, kisha nusu ya chini, maana herufi iliyofutika juu yaweza kuwa imebaki chini. Zile karatasi mbili na zile picha nitumie, na uniandikie kilichotokea mbele na nyuma ya LAG hata kama ni alama moja tu.